"Mbona Kidoti Hakui?" Mchora Vibao na Hadithi Zisizo na Maneno

Saa mbili na robo asubuhi ya Alhamisi, watoto wa darasa la nne wametulia kama maji mtungini. Hakuna aliyewatisha. Mwalimu wao mwenyewe amejibana kwenye dawati la nyuma, magoti yamekwama chini ya meza.

Mbele ya ubao, mwanamke mrefu, mwembamba, aliyejifunga mtandio wa kijivu kichwani, anafunga kamba. Ncha moja anaifunga kwenye msumari wa dirisha, ya pili kwenye kitasa cha kabati la vitabu. Anaivuta, anaipima kwa kidole kama mtu anayejaribu mpira wa baiskeli. Kisha anafungua bahasha kubwa ya kaki, anatoa karatasi ya kwanza na kuibana kambani kwa vibanio viwili vya nguo.

Anasogea pembeni, anakunja mikono, anawaachia watoto macho yao.

Kwenye karatasi kuna msichana mdogo aliyejitwika ndoo. Ndoo imetoboka. Matone yanamfuata njia nzima, na nyuma ya matone wanafuata bata watatu, midomo wazi.

"Bata wanadhani anawaita," anasema mtoto mmoja.

"Hawadhani lolote. Wana kiu," anajibu mwingine.

"Atafika nyumbani na ndoo tupu. Atagombezwa huyo."

"Hagombezwi. Atafika na bata."

Darasa linacheka. Mwanamke anatabasamu upande mmoja wa mdomo, anabana karatasi ya pili.

Watoto wanamwita Mama Brashi, na mtaani pia ndivyo anavyoitwa, hata na watu wanaomzidi umri. Ana miaka arobaini na saba. Kazi yake ni kuchora vibao vya maduka, na ameifanya kwa zaidi ya miaka ishirini.

Ukipita barabara inayokwenda sokoni, kazi zake huzikwepi. Kichwa kilichonyolewa vizuri mlangoni kwa kinyozi ni chake. Kiatu cha ngozi kwa fundi viatu ni chake. Jino kubwa jeupe kwa mganga wa meno ni lake pia, ingawa mganga alilalamika. "Aliniambia jino lile ni zima mno," anasema. "Eti litamfukuzia wagonjwa."

Mwezi mzuri anapata vibao vinane. Mwezi mbaya anapata viwili, kwa kuwa siku hizi wenye maduka wengi wanachapishiwa kwa mashine. Anaishi chumba kimoja nyuma ya karakana ya kaka yake, fundi seremala, na yeye ndiye anayemfulia, kaka naye ndiye anayepika. "Tulijaribu kinyume chake," anasema fundi. "Tukaona heri nguo safi kuliko matumbo kuuma."

Lakini karatasi anazobana kambani hazikuchorwa kwa ajili ya kazi, wala kwa ajili ya shule. Zilichorwa kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo hayupo.

Alikuwa binti yake wa pekee. Walimwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi kwenye shavu la kushoto, ndogo kama tone la wino. Baba yake aliondoka mtoto akiwa na miezi saba, akaacha malezi mikononi mwa mama na mjomba.

Akiwa na miaka mitatu na nusu, Kidoti alipatwa na homa ya uti wa mgongo. Alilala wodini wiki tatu. Mama alilala sakafuni kando ya kitanda, akila alichobakisha mtoto.

"Nilimrudisha nyumbani anatembea, anakula, anacheka," anasimulia. "Nikasema moyoni, tumeshinda. Siku ya pili sufuria ikaanguka nyuma yake. Mimi niliruka. Yeye aliendelea kucheza."

Hospitalini waliambiwa masikio hayatarudi. Shule ya bweni ya watoto viziwi ilikuwa mwendo wa siku nzima, na nafasi zilikuwa zimejaa. Jina la Kidoti likaandikwa kwenye orodha ya kusubiri. Walisubiri. Hawakuitwa.

Ilibidi mama na mwana watafute njia yao wenyewe. Kuonyesha maji, chakula au kitanda haikuwa shida, kidole kinatosha. Shida ilikuwa kumwambia mtoto jambo lisilokuwepo mbele ya macho yake: kesho, jana, kwa nini, halafu nini.

Siku moja Kidoti alitakiwa kurudi hospitalini kwa sindano, akang'ang'ania mguu wa meza akilia. Mama akachukua kipande cha mkaa jikoni na kalenda ya mwaka uliopita. Nyuma yake akachora barabara, hospitali, muuguzi na sindano, kisha mtoto amerudi nyumbani anakula ndizi.

Kidoti aliangalia kwa muda mrefu. Halafu akachukua mkaa, akamchora mjomba wake mlangoni akiwasubiri, mwenye kichwa kikubwa kuliko mlango.

"Alikwenda, akachomwa sindano, hakulia," anasema Mama Brashi. "Alikuwa anajua hadithi inaishaje."

Kuanzia hapo kamba ikafungwa chumbani, kutoka kwenye nguzo ya kitanda hadi dirishani. Kila siku baada ya kazi mama alichora. Karatasi zilikuwa migongo ya kalenda kuukuu na vifungashio vya msasa kutoka karakana. Rangi ilikuwa mabaki ya vibao. Kidoti akitaka hadithi, alichukua vibanio viwili na kuvigonganisha mbele ya uso wa mama yake, na asingeacha mpaka apewe.

Katika hadithi zote mhusika mkuu alikuwa yeye. Kidoti anampima mbwa shati. Kidoti anasomea chini ya mti huku mbuzi nyuma yake anatafuna daftari. Kidoti na mjomba wanamtengenezea tembo kitanda, na futi ya kupimia haitoshi. Hakukuwa na herufi hata moja, wala mtu aliyefungua kinywa kuzungumza. Ndani ya miaka mitano na ushee zilifika karatasi mia nne na kumi na mbili. Mjomba ndiye aliyezihesabu, baadaye.

Kidoti alifariki akiwa na miaka tisa.

Ilikuwa Jumatatu, kabla ya saa sita mchana. Mama alikuwa anamalizia kibao cha duka la dawa, tapentaini ikamwishia. Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa nyumba ya sita kutoka kwao. Mtoto alizoea kutumwa pale. Alikwenda na chupa tupu na kipande cha karatasi kilichochorwa chupa iliyojaa, muuzaji akaelewa.

Alikuwa anarudi. Lori la saruji lilikuwa linarudi nyuma kuingia dukani.

"Honi ilipigwa," anasema Mama Brashi, na hapa sauti yake haipandi wala haishuki. "Watu wote mtaani waliisikia. Mimi niliisikia nikiwa na brashi mkononi. Nikajisemea, dereva huyu naye ana kelele."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Watu walikuja wakamliwaza, wakamwambia ni kudra, wakamwambia ajipe moyo. Yeye alikuwa na sentensi moja tu, na aliirudia kwa kila aliyeingia: "Mimi ndiye niliyemtuma."

Kaka yake alijaribu kumtoa hapo. "Nimemwambia mara mia, mdogo wangu, kumtuma mtoto dukani si kosa," anasema fundi. "Ananitazama kama namsemesha lugha ya ugenini."

Baada ya mazishi, Mama Brashi aliifungua kamba. Alimwomba kaka yake atengeneze sanduku la mbao, akapanga humo karatasi zote na vibanio, akamkabidhi nyundo na misumari. Fundi aligongomelea kifuniko.

Kwa miaka minne hakuchora kitu chenye sura. Aliandika herufi tu. Aliyetaka kichwa, samaki au kiatu kwenye kibao chake alimwelekeza kwa mtu mwingine, na nusu ya wateja wakaenda huko wasirudi. Kinyozi alipokuja kutaka kichwa chake kipakwe rangi upya, alimwambia, "Nikuandikie tu Kinyozi, baba. Watu siku hizi wanasoma."

Kinyozi akaondoka na kichwa chake kilichopauka.

Aliyesababisha sanduku liguswe ni mwalimu yule anayekaa dawati la nyuma. Alifika karakana kuagiza kibao cha shule, mvua ikamzuia humo. Ukutani, nyuma ya misumeno, akaona karatasi moja: fundi anampima tembo kitanda. Ni karatasi pekee ambayo mjomba aliificha isizikwe sandukuni.

"Nilicheka peke yangu kama mwehu," anakumbuka mwalimu. "Nikauliza, nani kachora hii? Fundi akaniashiria kwa kidevu mlango wa nyuma, halafu akaweka kidole mdomoni."

Wakati huo alikuwa anafundisha darasa la tatu. Watoto wake walikuwa wanasoma maneno vizuri, lakini ukiwauliza wameona nini katika walichosoma, wanakutazama. Alitaka wamjue mtu anayesimulia kwa picha. Alikwenda kumwomba Mama Brashi. Mara ya kwanza akakataliwa. Mara ya pili mlango haukufunguliwa.

Mara ya tatu alisimama nje, akaongea na mlango. "Mama, leo sijaja kukuomba," alisema. "Nimekuja kukwambia kwamba kuna watoto arobaini na sita hapo shuleni ambao hawajawahi kumwona mtu anayechora. Hata mmoja. Basi. Nakwenda zangu."

Wiki ile ile fundi alichukua nyundo yake, akang'oa misumari ya sanduku. Dada mtu akamnunia siku mbili. Siku ya tatu, Alhamisi, akavaa viatu, akachukua bahasha moja na kamba, akaondoka bila kuaga.

Mwalimu alikuwa ameandaa maneno ya kumtambulisha tangu siku aliyomwomba mara ya kwanza. "Watoto, mwandishi mnamjua," aliwaambia. "Leo nimewaletea mtu anayeandika bila herufi."

Mama Brashi alibana karatasi zake; kibanio kilimponyoka mara mbili. Watoto walitazama, wakatazamana. Mmoja akanyoosha mkono.

"Maneno yako wapi?"

"Mnayo nyinyi," alijibu.

Ilichukua dakika chache. Kisha mtoto mmoja akasema huyu msichana amekasirika, mwingine akasema hajakasirika, ana njaa, na wa tatu akawaambia wote wawili watazame vidole vyake. Kabla kengele haijalia, darasa zima lilikuwa limesimama mbele ya kamba, likibishana.

Katikati ya mabishano hayo mtoto mmoja alisema, "Si huyu, huyu Kidoti."

Hakuna aliyekuwa amewaambia jina. Waliliona shavuni. Mama Brashi alishika fremu ya dirisha, akageukia uani mpaka alipoweza tena kuwatazama.

"Miaka minne sikulisikia jina lile kwa mtu anayecheka," anasema. "Walikuwa wanalitaja wakati wa pole tu."

Alirudi Alhamisi iliyofuata, na iliyofuata. Mwaka ukapita hivyo. Watoto walijifunza kusoma uso, mgongo, kivuli. Walianza kuchora hadithi zao wenyewe kwenye migongo ya karatasi za mitihani. Mwalimu anasema wale waliokuwa wakiandika insha za mistari mitatu walifika ukurasa mzima, na mmoja aliyekuwa hazungumzi kabisa darasani akawa msemaji mkuu wa habari za Kidoti.

Hawakuambiwa Kidoti ni nani. Kwao alikuwa mtoto wa kwenye karatasi.

Wakapanda darasa la nne, na mwalimu akapanda nao. Siku moja, mwezi wa pili wa darasa jipya, msichana wa safu ya pili alinyoosha mkono. Mwaka uliotangulia alikuwa kibogoyo wa meno ya mbele. Sasa yalikuwa yameota, makubwa na mapya.

"Mama Brashi, mbona Kidoti hakui?"

Wenzake wakamgeukia.

"Sisi tumepanda darasa," aliendelea. "Mimi viatu vyangu vya mwaka jana havinitoshi. Yeye gauni ni lile lile, kimo ni kile kile."

"Labda hali vizuri," alisema mwenzake.

"Labda amekariri darasa."

Wakacheka. Mama Brashi hakucheka. Alibandua karatasi moja baada ya nyingine, akazipanga ndani ya bahasha kwa uangalifu kuliko siku zote, akafungua kamba. "Kwaherini, wanangu," alisema, akatoka.

Alhamisi tatu hakuonekana.

Msichana wa safu ya pili aliamini kwamba amemtukana mtu mzima bila kujua. Alimfuata mwalimu na karatasi iliyokunjwa mara nne, akamwomba aipeleke. Mwalimu aliipeleka karakana jioni hiyo hiyo.

Ndani yake kulikuwa na mchoro wa penseli. Kidoti amesimama, alama shavuni, na mbele yake jozi ya viatu vikubwa, vipya, kamba zimefungwa tayari.

"Niliuangalia mpaka chai ikapoa," anasema Mama Brashi. "Mtoto wa watu amempa mwanangu viatu vya kukulia. Ningemwambia nini? Kwamba nimenuna? Mficha maradhi kilio humfichua. Mimi nilikuwa nimeyaficha mbele ya watoto."

Siku iliyofuata alimwomba kaka yake mkaa. Kwa mara ya kwanza tangu mtoto afariki, alichora upya. Karatasi sita zilimchukua siku tisa. Fundi alikuwa anapeleka chakula mlangoni na kukikuta pale pale.

Habari za karatasi hizo zilipofika kwa mwalimu mkuu, hakuzifurahia. Ni mama wa makamo, mwenye miwani inayoning'inia kifuani, na shule yenye wazazi mia tisa. "Hao ni watoto," alimwambia mwalimu. "Mambo ya kifo wataelezwa nyumbani kwao. Kesho wazazi watanijia juu."

"Mwalimu mkuu," alijibu mwalimu, "katika darasa lile saba wameshazika mzazi. Nimewauliza. Nyumbani hakuna aliyewaeleza kitu."

Mwalimu mkuu alivaa miwani, akaivua. Alikubali kwa sharti moja: naye awepo. Alhamisi hiyo aliweka kiti mlangoni.

Mama Brashi alifunga kamba, akabana karatasi moja moja, akiacha watoto waimalize kila moja.

Ya kwanza: Kidoti anapokea chupa tupu kutoka kwenye mkono wa mtu mzima. Mkono tu, una madoa ya rangi. Ya pili: yupo dukani, muuzaji anamimina. Ya tatu: yupo barabarani, chupa imejaa, anaitazama isimwagike.

Ya nne ilikuwa kubwa kuliko zote. Mtaa mzima umesimama. Watu wameinua mikono, vinywa wazi, mwanamke mmoja ameziba masikio, mbwa amegeuka. Pembeni linaonekana tairi moja la nyuma la lori. Katikati Kidoti anaendelea kutembea, macho kwenye chupa.

Watoto waliinama mbele kuitazama. Kisha mtoto mmoja akasema polepole, "Wote wanapiga kelele."

"Hata mbwa amesikia."

"Yeye hajageuka."

Msichana wa safu ya pili alisimama. "Hasikii," alisema. "Kidoti hasikii. Hakuwa anasikia tangu mwanzo. Ndiyo maana mbuzi alikula daftari nyuma yake asigeuke."

Kwa mwaka mzima walikuwa wameishi na mtoto kiziwi wasijue, kwa sababu ndani ya picha zile hakuna mtu aliyewahi kuzungumza. Humo ndani alikuwa sawa na wote.

Karatasi ya tano ilionyesha chupa imelala barabarani, nzima, na mwanamke aliyepiga magoti, uso haukuchorwa. Ya sita ilikuwa tupu.

"Hii umesahau kuchora?" aliuliza mtoto.

"Sikusahau," alisema Mama Brashi. "Baada ya hapo sijui kuna nini." Akavuta pumzi. "Ni mwanangu huyo. Hakui kwa sababu alifariki. Hasikii, na mimi nilikuwa najua hasikii, na mimi ndiye niliyemtuma dukani."

Mwalimu anasema alitaka kuinuka kutoka dawati la nyuma aseme jambo, lakini alitanguliwa. Aliyesema ni msichana wa safu ya pili, aliyekuwa bado amesimama.

"Hata mimi mama hunituma dukani," alisema.

"Hata mimi," alisema aliyekaa naye.

"Mimi hunituma kila siku."

"Mimi huvuka barabara kubwa."

Wakaanza kunyoosha mikono, kama walivyozoea mwalimu anapowahesabu. Mikono arobaini na sita. Hawakuwa wanamfariji; walikuwa wanataja jambo la kawaida kabisa, ambalo kila mama hulifanya.

Mama Brashi aliketi sakafuni chini ya kamba, akalia mbele yao. Mlangoni mwalimu mkuu alikuwa anafuta miwani yake kwa ncha ya nguo.

"Haikuondoa kitu," anasema leo. "Usije ukaandika kwamba nimepona. Uchungu upo pale pale, asubuhi naamka nao. Ila lile neno, kwamba nilimtuma, lilikuwa kama mwiba. Kaka yangu miaka yote alikuwa ananiambia haupo. Watoto hawakusema haupo. Walisema hata wao wanao."

Mambo hayakuwanyookea wote. Mzazi mmoja alifika shuleni akifoka, na mpaka leo mtoto wake hutolewa nje kila Alhamisi. Mama Brashi hamlaumu. "Ana haki. Kila mtu anajua mwanawe ana kifua kiasi gani."

Karatasi mpya bado anachora, ila ya Kidoti mkubwa hajachora, ingawa watoto wamemwomba. "Kukua hatakua. Siwezi kuwadanganya. Wakitaka hadithi zake, za zamani zipo mia nne na kumi na mbili. Hatujafika hata nusu."

Anachotaka sasa ni Jumamosi. Mwalimu amezunguka mtaani, ameandika majina ya watoto viziwi wanne wasiosoma popote, wawili kati yao wakiwa wanafungiwa ndani wazazi wanapokwenda kazini. Mama Brashi amemwomba kaka yake nusu ya karakana kila Jumamosi asubuhi. Hataki kuwachorea. Anataka wazazi wao wajifunze kuchora, kila nyumba iwe na kamba yake.

"Siwezi kuwa chumbani kwa kila mtu," anasema. "Mtoto anatakiwa aambiwe na watu wake."

Jumamosi ya kwanza, kati ya wanne, amekuja mmoja. Mama yake ni mfua nguo za watu, mikono imechubuka kwa sabuni. Ana mwana mkubwa darasa la nne. Ndiye aliyepeleka nyumbani habari za Kidoti. Mdogo ana miaka sita, kiziwi wa kuzaliwa. Ameingia ameshika sketi ya mama, sasa amechuchumaa anakusanya maranda ya mbao.

Mfua nguo hakai. Anaongea amesimama, haraka, kama mtu anayeogopa kukatwa.

"Dada, mimi sikuja kujifunza sanaa. Huu ni mwezi wa saba tangu baba yake afariki. Alianguka kutoka kwenye nguzo ya umeme, kazini. Siku ya mazishi nilimpeleka mtoto kwa jirani, nikaona asione. Sasa kila ikifika saa kumi na moja jioni anazipanga ndala za baba yake mlangoni. Anakaa. Nikizificha anazitafuta mpaka azipate. Mimi sina namna ya kumwambia."

Anafuta uso kwa kiganja.

"Anadhani baba yake hataki kurudi. Nichoree, dada. Nichoree nimwonyeshe."

Mama Brashi anamsogezea kigoda. Anatandaza karatasi juu ya meza ya kurandia, anaiwekea vipande vya mbao pembeni isipeperuke.

"Nitakaa na wewe," anasema. "Lakini utachora wewe. Kilio huanza mfiwa."

"Mimi sijui kuchora hata kuku."

"Kuku wangu wa kwanza alifanana na birika. Kaa."

Mfua nguo anakaa. Mama Brashi anamwekea mkaa kati ya vidole, anaufunika mkono ule kwa mkono wake.

"Tuanze na nini?" anauliza mfua nguo.

"Na anachokijua. Ndala."

Mkaa unakwenda. Unatokea mstari uliopinda, halafu mwingine kando yake. Hazifanani sana na ndala, lakini zina kanda, na zimepangwa pamoja, ncha zikielekea ndani, kama mtoto anavyozipanga mlangoni.

Mtoto ameacha maranda. Anakuja mezani, anasimama kwa ncha za vidole, anatazama karatasi. Anaweka kidole juu ya ndala moja, kisha juu ya nyingine, halafu anainua uso na kumtazama mama yake, anasubiri.

Mama yake anavuta karatasi ya pili.